Chati ya mfumo wa mkojo ya Nasser Road: inunue, lakini uwe na kalamu

Chati hii nimeitoa kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala. Walianzia elfu ishirini, tukapatana kumi na tano. Ni kubwa, saizi ya A1, imefunikwa plastiki mbele na nyuma, na hapo ndipo waliponipata: darasa langu hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, linakula vumbi la malori mwaka mzima, karatasi tupu haimalizi muhula. Hii unaipitishia kitambaa chenye maji, kazi inaendelea.

Picha ya figo iliyopasuliwa ni safi. Sehemu ya nje na ya ndani zina rangi tofauti, hata wa kiti cha nyuma anaona. Ureta, mirija ya kupeleka mkojo kutoka kwenye figo, zinashuka vizuri na kuingia kibofuni kwa nyuma, jambo ambalo chati nyingi hazijali. Pembeni kuna nefroni moja, yaani kichujio kidogo cha figo, iliyokuzwa, na maelezo kwamba kila figo ina takriban milioni moja za namna hiyo. Wanafunzi wakifika hapo, lazima mmoja aulize nani alizihesabu.

Figo zimechorwa usawa mmoja, ilhali ya kulia hukaa chini kidogo kwa sababu ya ini. Hilo navumilia. Mishale ndiyo iliyoniudhi: yote inatoka kwenye damu kwenda kwenye mkojo, hakuna hata mmoja unaorudi. Mtoto akisoma hivyo ataamini figo huokota uchafu na kuutupa. Kumbe kwanza humwaga karibu kila kilicho chembamba, yaani maji, chumvi, sukari na urea (taka inayotoka na mkojo), huku chembe za damu na protini kubwa zikibaki, halafu ndipo huanza kurudisha kinachohitajika. Kwa siku huchujwa lita kama 180, jerikeni tisa zile za lita 20, na mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili tu! Sukari ya mtu mwenye afya hurudi karibu yote, ndiyo maana ikionekana kwenye mkojo daktari huanza kuulizia kisukari. Nimechora mishale ya kurudi mwenyewe, kwa kalamu ya kijani isiyofutika.

Tena urea imetajwa tu, bila kusema inatoka wapi. Hutengenezwa kwenye ini, mwili unapovunja protini. Vijana wangu wanaokula posho (ugali) na maharage kila mchana wangelifurahia hilo.

Kwa sekondari inafaa, na kwa bei hiyo sijutii. Kwa shule ya msingi ina maneno mengi mno. Ila mwambieni muuzaji aikunjue yote kabla hamjalipa. Ya mwalimu mwenzangu ilikatwa ukingoni pamoja na herufi za mwisho, na jina moja limebaki “ure”. Darasa lake bado linabishana kama ni ureta, urethra (mrija wa kutolea mkojo nje) au urea.