Boljointi za chini za Prado 90: bora ulipe zaidi upate za kweli

Jamani wenye Toyota Prado 90, boljointi ya chini, yaani kile kiungo chenye kichwa cha duara kinachoshika tairi la mbele kwenye mkono wa chini, msiichukulie poa. Kwenye hii gari uzito unaivuta kama inataka kuchomoka, haiikandamizi, kwa hiyo ikiisha ikachomoka tairi linalala pembeni na gari linakaa chini palepale. Mara ya kwanza nilichukua za bei chee duka moja la spea pale Gerezani, Dar, boksi zuri kabisa, miezi minne tu ya barabara ya vumbi ile raba inayoifunika ikapasuka mchanga ukaingia, ukipiga jeki ukatikisa tairi juu na chini unasikia ko ko ko. Safari hii nimefunga za chapa ya 555 ya Japani na nimeridhika sana, yaani ukishika ile pini mkononi ni ngumu, inazunguka taratibu bila kukwama, wakati ile ya kwanza ilikuwa inacheza kama kijiko kwenye kikombe. Bei imechangamka kweli ila usukani umetulia mpaka raha. Halafu kulia na kushoto hazifanani, angalieni kabla hamjatoka dukani, na zile bolti 4 zinazoifunga kila upande wekeni mpya, fundi alitaka kurudisha za zamani nikakataa.