T-34 au Panther: kifaru kipi kilikuwa bora?

Ubishi huu wa Vita Kuu ya Pili hauishi, hasa kwa sababu kila upande huchagua kipimo kinachoupendelea.

Kwa mzinga na ngozi ya mbele, Panther ya Wajerumani ilishinda waziwazi. Mzinga wake mrefu wa milimita 75 uliitoboa T-34 ya Wasovieti kutoka mbali zaidi ya kilomita moja, na bamba lake la mbele, unene wa milimita 80 na limelazwa mshazari, lilistahimili hata mzinga wa milimita 85 waliouongeza Wasovieti mwaka 1944. Ubavuni, hata hivyo, Panther ilikuwa laini.

Matengenezo ni habari nyingine. Panther ilikuwa na tani 45, uzito ulioziponda gia zake za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye minyororo. Ilipoanza vita Kursk, Urusi, Julai 1943, nyingi ziliharibika zenyewe. Magurudumu yake yalipandana, hivyo kubadilisha moja la ndani kulimaanisha kufungua ya nje kwanza. Fundi gani angeipenda?

T-34 nayo haikuwa malaika: ndani ilibana, na za mwanzo zilisumbua gia. Lakini zilitengenezwa zaidi ya 50,000 wakati wa vita, dhidi ya Panther zipatazo 6,000.

Kwa kuvizia ukingoni mwa msitu, ningeomba Panther. Kwa kusukuma jeshi mamia ya kilomita, kama Wasovieti walivyofanya Belarus kiangazi cha 1944, T-34, tena ya dizeli.