Programu iliyonipunguzia maandishi robo nzima bila kuniuliza

Nimekata stika za vioo na magari hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na sijawahi kukasirishwa na programu ya kuchorea kama nilivyokasirishwa na hii, tena ni ya kulipia. Mteja mwenye duka la dawa alinitumia jina la duka lake katika faili la SVG (aina ya faili la mchoro), lililochorwa kwa upana wa sentimita 120 kamili. Nikalifungua, nikaliona limekaa vizuri kwenye skrini, nikalipeleka kwenye mashine. Tulipolibandika mlangoni, lilikuwa sentimita 90. Herufi zilikatika safi, kona zake kali, lakini pembeni kilibaki kioo kitupu, na mteja amesimama nyuma yangu anatazama bila kusema neno.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuniacha hata nimalize maelezo: "Dada, faili lako ndilo bovu, programu haina tatizo." Akakata simu.

Usiku nikalifungua faili lenyewe kwa Notepad, kwa kuwa SVG ni maandishi tu, na pale juu upana ulikuwa umeandikwa 3401.57, bila milimita wala inchi. Kumbe programu ya mchoraji huhesabu pointi 72 katika kila inchi, na hii yangu huhesabu pikseli 96, kwa hiyo kila kitu kinachotoka kule kikiingia huku hupungua robo. Nilipoandika 1200mm, na urefu nao nikauweka kwa milimita, bila kugusa viewBox (namba zinazoeleza eneo la mchoro ndani ya faili), jina likaingia kwa kipimo chake.

Basi, kwa haki, kijana yule hakusema uongo wote, maana faili lilikuja kweli halina kizio, na katika kukata programu hii haijawahi kuniangusha. Nilikuwa tayari kuisamehe. Lakini Inkscape, programu nyingine ya kuchorea ambayo ni ya bure, ilipohama kutoka pikseli 90 kwenda 96 kwa inchi katika toleo la 0.92 mwaka 2017, iliwekewa dirisha la kumuuliza mtumiaji afungue vipi faili la zamani. Hii ninayoilipia inashindwaje kuuliza swali hilo moja? Stika nimeinunua mara mbili kwa kazi moja, na muda wa malipo ukifika silipi tena, labda waniombe radhi kwa ile simu.