Tathmini ya Kifaa cha GPS cha Mkononi kwa Wanaokwenda Ziwani Kigoma

Kifaa hiki kidogo cha GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo, kinachoenea kiganjani na kutumia betri mbili ndogo kama zile za redio na tochi, nilikinunua katika duka la vifaa vya uvuvi eneo la Mwanga. Nimekitumia ndani ya boti za dagaa zinazoondoka jioni katika mwalo wa Kibirizi. Ninakipendekeza kwa kila nahodha anayekwenda mbali usiku wa giza, ila ninamsihi ajue kwanza kimetokea wapi, kwa kuwa uimara wake na kasoro zake nyingi zinatokana na asili yake ya kijeshi.

Kazi yake kuu kinaifanya bila kusumbua. Kabla ya kuondoka unaweka alama ya mwalo. Mkimaliza kuvua, hata kama upepo wa kusi umewasukuma mbali na pale mliposhusha nyavu, mshale unakuonyesha upande wa nyumbani na umbali uliobaki. Kwa kuwa Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya nchi nne, unaweza pia kuweka alama za mpaka wa majini, na hilo linaweza kumwokoa mvuvi na kesi asiyoitarajia.

Ukurasa ulionivutia kuliko yote ni ule wa setilaiti. Unaona duara lenye namba, na chini yake nguzo ndogo zinazorefuka kadiri ishara inavyopata nguvu. Namba 1 hadi 32 ni za GPS ya Marekani, na zile zinazoanzia 65 ni za GLONASS ya Urusi. Mataifa haya mawili yalielekezeana makombora ya nyuklia miaka yote ya Vita Baridi, na kila moja lilijenga mfumo wake kwanza kwa ajili ya majeshi yake. Kwenye skrini hii namba zao zimepangwa safu moja, na mahali alipo mvuvi wa Kigoma panakokotolewa kwa ishara za pande zote mbili.

Mizizi ya yote haya ni kombora. Ujerumani ilianza kuipiga London kwa V-2 mwaka 1944, na makombora hayo yaliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako maelfu walikufa. Jambo hilo halipaswi kusahauliwa kila tunaposifu safari za anga. Mbunifu wa V-2, Wernher von Braun, baadaye ndiye aliyesimamia uundaji wa roketi ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969. Upande wa Wasovieti, Sergei Korolev na wenzake walianza kwa kuiga V-2 hiyohiyo, kisha wakaunda R-7, kombora la kubeba bomu la nyuklia, ambalo tarehe 4 Oktoba 1957 liliirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu.

Wanafizikia wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza mlio wa Sputnik wakagundua kwamba mabadiliko ya masafa yake yanatosha kukokotoa njia inayopita angani. Mkuu wao, Frank McClure, akaligeuza swali: ikiwa njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji anaweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Jibu hilo lilihitajiwa sana na Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa nyambizi zake zenye makombora ya Polaris, na ndipo ulipoundwa mfumo wa Transit, ukafuatiwa na GPS, iliyorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1978. Sisi wa Kigoma mabadiliko ya namna hii si mageni kwetu, maana Liemba iliyobeba abiria wetu iliingia ziwani mwaka 1915 ikiwa meli ya vita ya Wajerumani.

Raia walifunguliwa mlango baada ya msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia ilidunguliwa na Wasovieti karibu na kisiwa cha Sakhalin, wakafa watu 269, na serikali ya Rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba GPS itakuwa wazi kwa matumizi ya kiraia. Hata hivyo jeshi liliendelea kuivuruga makusudi ishara ya raia, kosa likaweza kufika mita 100, hadi Rais Bill Clinton alipousimamisha uvurugaji huo Mei 2000. Kosa la mita 100 usiku lingetosha kukupitisha mwalo.

Alama ya jeshi ingali ndani ya menyu. Kati ya namna za kuandika mahali ipo MGRS, gridi ya majeshi ya NATO, ambayo mvuvi haihitaji. Kilicho muhimu ni kipimo cha WGS 84, msingi ambao GPS hutumia kukokotoa mahali duniani, kilichotayarishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ramani zetu za zamani za upimaji zinatumia kipimo kingine, Arc 1960, na ukichanganya hivyo viwili unaweza kukosea kwa karibu mita 300. Mwongozo uliomo kwenye boksi haulielezi hilo hata kidogo.

Kasoro nyingine ni za kawaida lakini zinaudhi. Menyu haina Kiswahili, vitufe ni vidogo mno kwa mkono uliolowa, na ramani yake inaonyesha ziwa tupu bila vijiji wala kina cha maji.

Ukienda kununua, soma boksi uhakikishe kinapokea GPS pamoja na GLONASS au Galileo ya Ulaya, ambayo inaendeshwa na raia, kwa sababu mfumo mmoja ukizimwa au ukivurugwa na wenyewe utabaki na mwingine. Mwombe muuzaji akiwashe nje ya duka, juu kukiwa wazi, na msubiri pamoja hadi nguzo zisizopungua nne zisimame.