Kabine ya kine karibu na Nyawera: wananifundisha kubeba bidoni, hawaniuzii mkanda

Wenye mnaniuliza ku inboksi kama ile kabine ya kine (mtaalamu wa kutibu mwili kwa mazoezi) karibu na Nyawera, hapa Bukavu, inafaa ama hapana, jibu ni inafaa, tena sana, kwa mtu mwenye mgongo unamuuma wa muda mrefu. Mimi leo niko nashona siku mzima tena. Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa, vyumba viwili, rangi imebanduka, benchi ya kungojea iko inje chini ya bati na mvua ya Bukavu munaijua. Mimi nasifu namna wanafanya kazi, na nataka nieleze vizuri juu mu huu mji watu wanaacha pesa ya chakula ya nyumba mzima ku vitu vyenye havisaidii.

Niko fundi wa kushona ku Kadutu. Unainama ku cherehani toka asubuhi, ukifika nyumbani robine imekauka, unapanda kilima na bidoni ya lita 20. Mgongo wangu wa chini uliuma zaidi ya mwaka, usiku kugeuka ku kitanda ni shida, asubuhi kuvaa viatu nangojea kwanza. Pahali pa kwanza nilipelekwa, jina silitaji, walikua na mashine tatu: moja wanakubandika vipande vyenye vinapitisha umeme kidogo kidogo ku ngozi, ingine ni kichwa chenye jeli wanazungusha mgongoni, ya tatu inakufunga kiunoni na kukuvuta. Kila mashine na bei yake. Unalala pale, kine anakuwashia alafu anaenda kuongea na simu, saa ikiisha anarudi kuchomoa, kesho ivo ivo. Mwisho wakaniuzia mkanda wa mgongo, bei kubwa, wakasema niuvae daima na nisibebe tena kitu kizito maishani mwangu. Mama mwenye watoto ku Kadutu, asibebe maji! Hakuna mtu aliniuliza naishi namna gani.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, ile OMS, lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya mgongo wa chini yenye yanadumu. Vyenye wanakubali: kumueleza mgonjwa vizuri ili ajue mwili wake, mazoezi, masaji na kazi ya mikono ku uti wa mgongo, msaada wa mawazo kwa wenye maumivu yamewavunja moyo, na dawa kama ibuprofeni kwa uangalifu. Alafu kuko orodha ya vyenye hawashauri: kuvuta mgongo na mashine, ultrasauti (njo ile ya jeli), ule umeme wa ku ngozi wenye wanaita TENS, mikanda ya mgongo, na dawa kali za jamii ya opioidi. Mashine zote tatu zenye nililipia ziko upande wa hapana, na mkanda pia! Niseme na hii juu ni haki: OMS wenyewe wanasema ushahidi wa vitu vingi mu huo mwongozo bado ni wa chini, mashauri mengine wameyatoa kwa masharti. Lakini kama ushahidi wa kitu ni dhaifu, na bei yake ni juu, na mgonjwa ni mama wa Kadutu, kwa nini aanze na hicho?

Turudi Nyawera. Siku ya kwanza kine hakunigusa kwa muda mrefu, aliuliza tu. Nalala ku nini, cherehani yangu iko ya miguu ama ya umeme, nani anachota maji nyumbani, nini naogopa kufanya. Nikamjibu naogopa bidoni. Akasema, “Sawa mama, tuanze na bidoni.” Mu kona ya chumba wamepanga bidoni za njano zile zile zetu, moja iko na lita 5 za maji, ingine 10, ingine imejaa. Akaniambia nyanyua hii ndogo vile unanyanyua nyumbani, akasimama pembeni anaangalia. Nikashuka mgongo umekakamaa, pumzi nimeifunga, uso umekunjamana, kwa lita 5! Hakunigombeza, wala hakuniambia ninyooke namna ya askari. Alisema tu pumua, sogeza bidoni karibu na miguu, acha magoti yakunjike yenyewe, rudia. Mara ya tatu ama ya ine nikasikia bidoni imekua nyepesi, kumbe ni mimi nilikua nimeacha kujikaza.

Alinieleza kitu kimoja chenye sijakisahau: mwili unazoea mzigo ukiupatia mzigo kidogo kidogo, ukiunyima mzigo unazidi kua dhaifu, na maumivu ya muda mrefu siyo kila mara alama ya kitu kimevunjika ndani. Kuko watafiti wa Australia walifanya kazi juu ya hio mwaka 2023, watu 492 wenye mgongo uliwazuia kazi, vikundi viwili wakafundishwa na kine kuelewa maumivu yao na kurudia pole pole vitu vyenye walikua wanaogopa, kikundi cha tatu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Wale waliofundishwa wakapata nafuu kubwa, na baada ya mwaka mzima nafuu ilikua bado iko.

Mambo ya radio sasa, zile picha za mifupa, juu najua kuko wenye wanatembea na bahasha ya picha kila pahali. Yangu ilisema diski zimechakaa na mimi nikalia, nikajua kazi ya kushona imeisha. Kine akaiangalia kwa heshima, akairudisha mu bahasha, akanieleza mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za eskanere na IRM za watu zaidi ya 3,000 wenye hawana maumivu ya mgongo hata kidogo. Kati ya wale wa miaka 20, 37 kwa mia diski zao zilikua tayari zimechakaa. Wa miaka 50, 80 kwa mia. Na hawaumwi! Kwa hio diski kuchakaa ku picha mara nyingi ni umri tu. Daktari mwenye anasoma ile karatasi kwa sauti ya matanga bila kueleza hii, anamuumiza mgonjwa mara ya pili, hio naisema wazi.

Kazi ya nyumbani waliandika ku karatasi, mazoezi matatu tu: kuinuka ku kiti bila kushika, kunyanyua makalio ukiwa umelala chali, na bidoni. Na kutembea. Hapa nilishangaa juu Bukavu sisi tunatembea kila siku, lakini kine akasema kutembea na wasiwasi na mzigo ku kichwa siko kule kutembea yeye anataka, anataka mwendo bila mzigo, kwa mpango, unaongeza dakika. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Macquarie kule Sydney kilitoa utafiti ku jarida la Lancet, watu 701 wenye mgongo wao ulikua umepona karibuni. Nusu wakapewa mpango wa kutembea na kine wa kuwafuatilia kwa miezi sita, wafike dakika 30, siku tano kwa wiki, wengine hawakupewa kitu. Wale wenye hawakupewa mpango, mgongo ulirudi kuuma ku siku 112 ivi kwa mtu wa katikati. Wenye walitembea, siku 208. Karibu mara mbili, na dawa yake ni viatu tu! Kwetu vilima ni vikali, kwa hio waliniambia nianzie ku barabara kubwa, Kadutu niiache mpaka miguu ipate nguvu, na kushuka niende pole juu kushuka njo kunatikisa. Sasa kutoka kabine narudi kwa miguu, wamotari wa Nyawera wameshanizoea hawaniiti tena.

Kuko na wagonjwa wa AVC (kiharusi) pale, na hapa nitasema kidogo juu siko mtaalamu, lakini nimeona. Papa mmoja wa kartie yetu mkono wa kuume ulilala. Kine alimuvalisha soksi nzito ku mkono wenye hauna shida, ule wenye ugonjwa ukabaki huru, akamwagia maharagwe ku sinia, akamwambia, “Papa, chagua mabaya uweke pembeni.” Papa alitoka jasho, vidole vinatetemeka, haragwe moja linaanguka analifuata tena, mke wake akataka kumusaidia kine akamuomba akae. Hio namna ya kuzuia mkono wenye hauna shida ili mgonjwa afanye kazi imepimwa vizuri, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006 ulikua na watu 222 wenye AVC yao ilikua ya miezi mitatu mpaka tisa, na mikono iliendelea mbele kuliko ya wenye walipata matunzo ya kawaida. Lakini haiko ya kila mtu, lazima vidole na kiganja viwe na mwendo kidogo tayari, kine alipima hio kwanza. Na familia zenye zinataka kumusimamisha mgonjwa kwa nguvu na muda mrefu siku ile ile ya AVC: mwaka 2015 kulitoka utafiti wa nchi 5, wagonjwa 2,104, wale waliosukumwa mapema sana na kwa wingi ndani ya masaa 24 walikua na matokeo mabaya kidogo baada ya miezi mitatu. Kuinuka kidogo, mara nyingi, njo ilionekana bora kuliko kuinuka mara moja muda mrefu.

Sasa makosa yao, juu hayakosekani. La kwanza linaniuma: mlango uko juu ya ngazi ya mawe, kali, haina hata mti wa kushikilia. Kabine ya watu wenye hawawezi kutembea! Wale wa AVC wanabebwa mgongoni na watoto wao, mvua ikinyesha mawe yanateleza. Nimewaambia, wameitika, mpaka leo ngazi iko vile vile, na siyo kazi ya pesa nyingi, mbao mbili na fundi wa siku moja. La pili ni saa. Wanakupatia saa tatu, unaingia saa ine na nusu, mtu mwenye mgongo anaumwa amekaa ku benchi ya mbao muda wote huo. La tatu, rido kati ya vitanda ni fupi, wamama wengine hawapendi kuvua blauzi pale na wako na haki. Na yule musaidizi, mukubwa akiwa hayuko, anapatia kila mtu karatasi moja, mazoezi yale yale, hasikilizi. Ukienda, uliza kwanza kama mukubwa yuko.

Bei ni dola 5 kwa seansi, franka wanakubali, ya simu pia, na risiti wanatoa bila kuombwa. Kwa wengi wetu ni pesa nyingi. Lakini kile kilinifanya niwaamini ni kwamba baada ya muda kine mwenyewe aliniambia nisirudi kila mara, niende nifanye nyumbani, nirudi baada ya wiki mbili aone. Pahali pa kwanza walinipangia kila siku bila mwisho. OMS inasema mu nchi zingine za kipato kidogo na cha kati zaidi ya nusu ya watu wenye wanahitaji matunzo ya aina hii hawayapati, kwa hio kine mmoja mwenye anakufundisha ujitegemee na kitanda kinabaki kwa mwingine, huyo ni wa kushika.

Wenye hawafai kuanzia pale: kama mgongo unauma na miguu inapoteza nguvu, ama sehemu za siri zinakufa ganzi, ama mkojo na choo vinakushinda, usiende kine, nenda hospitali siku ile ile. Homa, kukonda, jasho la usiku, nenda kwa daktari kwanza, juu kifua kikuu kinaingia hata ku uti wa mgongo na kwetu kiko. Umeanguka ama umepata aksida, vile vile. Na wenye wanatafuta mguu wa bandia, pale hawatengenezi, kule Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Bukavu, njo wako na hio kazi.

Kama unaenda, vaa suruali ama pagne yenye inakuruhusu kukunja magoti, fika asubuhi mbele ya mstari kua mrefu, na picha zako beba, wataziangalia. Mashine za umeme usiziulizie, hawana.