Nimeuziwa maji kwa bei ya mbao

Wenzangu mnaokereza mbao, muuzaji simtaji. Ila mkikuta kipande cha snakewood, mti mgumu wa Amerika Kusini, kimepakwa nta pande zote, na tangazo linasema "kikavu kabisa", kaeni chonjo.

Kilipofika nilifurahi kama mtoto wa Idi. Snakewood ya Suriname, madoa kama mgongo wa chatu! Madoa hayo yako kwenye kiini tu, na kiini chenyewe chembamba, basi mti huu mara nyingi huuzwa kwa kilo. Hapo kwenye kilo ndipo nilipolizwa.

Nikakifunga kwenye mashine gerejini. Mti mgumu uliokauka hutoa vumbi na maranda mafupi. Huu ukatoa maranda marefu, laini, yananata vidoleni. Nikazima mashine, nikakwangua nta iliyokuwa imefungia maji ndani, nikakipima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu: gramu 930. Wiki tatu hivi baadaye, hita ikiwaka usiku kucha kwa baridi ya huku Marekani, gramu 864, na ufa toka kichwani hadi katikati, kucha inaingia. Yaani gramu 66 za maji nimezilipia kama dhahabu.

Nikampigia muuzaji simu. Eti, "Labda hujazoea mbao ngumu." Mimi! Mjomba wangu kachonga mpingo Mwenge, Dar es Salaam, tangu sijazaliwa, na patasi zake nilikuwa nazinoa mimi nikitoka shule. Nikamwambia kuhusu mpingo, akasema hajawahi kuusikia. Na anauuza mwenyewe, uko kwenye orodha yake kwa jina la Kizungu! Klarineti, zile ala za kupuliza, zinatengenezwa kwa mti gani kama si huo, bwana? Fedha hakurudisha, na simu alikata yeye.

Nilitaka kumpa sifuri niishie hapo. Lakini nusu iliyopona nimeikereza kalamu mbili, na jamani, sikupaka vanishi wala nini, msasa laini tu, zinang'aa kama kioo. Moja mke wangu kaichukua hata sijamaliza kuifuta. Kwa hiyo mti nyota tano, duka sifuri. Au moja, maana mzigo ulifika haraka.

Jana usiku nimejikuta nachungulia tena orodha yake. Kuna kipande kingine, madoa yamebanana kuliko ya kwangu. Nacho kimepakwa nta.