Chui wangu Doa, na jinsi ya kuchagua mnyama mwandani katika Pathfinder

Kwa anayetaka jibu la haraka: kati ya michezo ya kuigiza wahusika mezani niliyowahi kucheza, Pathfinder toleo la pili ndiyo iliyompa mnyama mwandani, yule anayefuatana na mhusika wako na kupigana upande wake, kazi yenye maana. Na kama mhusika wako ni mwindaji wa upinde, mchukue chui. Najua wengi macho yao huenda moja kwa moja kwa dubu kwa ajili ya ukubwa na makucha. Ni mnyama mzuri, nitamfikia. Lakini kabla ya kuhesabu meno, uliza huyu mnyama anakusaidiaje wewe na wenzako.

Kila mchezaji akifikiwa na zamu yake ana vitendo vitatu. Shambulio la kwanza unapiga kwa uwezo wako wote, la pili linakatwa 5 kwenye dadu, la tatu linakatwa 10. Hilo la tatu mara nyingi ni kupoteza muda tu, dadu lenyewe la pande 20 ni nadra kukuokoa. Hapo ndipo mnyama anapoingia. Unatoa kitendo kimoja kumwamrisha, naye anapata viwili vyake. Yaani ile nafasi ambayo ungeitumia kurusha mshale wa kukosa, unampa chui, anakimbia hadi kwa adui na bado ana kitendo cha kufanya. Ubadilishaji huo una faida karibu kila raundi, na ndiyo sababu mnyama wa mchezo huu hasahauliki kwenye kona ya ramani.

Anaweza kushambulia, na adhabu zake za mashambulizi zinahesabiwa peke yake, hazichanganyiki na zako. Lakini kuna kitendo kingine ambacho wachezaji wapya hukiruka wanaposoma: Msaada. Kila aina ya mnyama ana msaada wake. Mnyama anasogea, anasaidia, basi. Akiwa ameshashambulia zamu hiyo hawezi kusaidia tena. Kwangu mimi, mstari huo mmoja wa msaada ndio unaopaswa kuamua uchaguzi wako.

Wa chui ni huu: mpaka mwanzo wa zamu yako inayofuata, ukimjeruhi adui ambaye chui anamfikia, adui huyo anayumba na kinga yake, yaani namba ambayo dadu lako pamoja na nyongeza yako lazima viifikie ili umpate, inashuka 2 hadi mwisho wa zamu yako inayofuata. Mwenye upanga anaweza kupata nafuu hiyo kwa kumbana adui katikati yeye na mwenzake. Mpiga upinde aliye mbali hana njia hiyo. Chui anamletea.

Nitoe mfano wa pambano moja tukiwa leveli ya kwanza. Kwenye daraja la kamba alisimama jambazi mwenye ngao, kinga 17. Mwindaji wangu alikuwa na nyongeza ya 7, kwa hiyo mshale wa kwanza ulihitaji dadu litoe 10. Raundi iliyotangulia nilikuwa nimeshamfanya jambazi kuwa windo langu, na mwindaji wangu amefunzwa kushambulia mfululizo, hivyo mshale wa pili ulikatwa 3 badala ya 5 na ungehitaji 13. Nikamwamrisha Doa, akapita kwenye ukingo wa daraja, akasimama mbele ya jambazi na kusaidia. Mshale wa kwanza ukampata. Kinga ikawa 15, mshale wa pili ukahitaji 11 tu. Nilirusha 12.

Kilichonipendeza zaidi kilitokea baada ya zamu yangu kwisha. Mwenzetu mwenye shoka, mwenye nyongeza ya 9, alifika akamkuta jambazi bado anayumba. Katika Pathfinder ukiizidi kinga kwa 10 madhara yanakuwa mara mbili. Kwa kinga ya 17 alihitaji 18 au zaidi. Kwa kinga ya 15 ilitosha 16. Akarusha 17. Meza nzima ilipiga kelele, na ile 17 ingekuwa pigo la kawaida tu kama Doa hajafika pale. Mnyama hakuuma hata mara moja.

Sasa dubu. Ukimpata adui aliye karibu naye, dubu anaongeza dadu moja la pande 8 la madhara, na anaongeza kila unapompata. Kwa mtu wa silaha mbili anayepiga mara nyingi kwa zamu, huyo ndiye mnyama wake, sibishani. Pia ana mwili: leveli ya kwanza dubu ana pointi 16 za uhai, chui ana 11. Tofauti hiyo utaihisi mapema sana, kwa sababu adui mmoja mwenye bahati anaweza kumlaza chui kwa pigo moja.

Mbwa mwitu anapunguza kasi ya adui uliyemjeruhi na ananusa hadi futi 30, jambo linalosaidia sana mkiwa gizani au mkiwinda adui asiyeonekana. Ndege anampofusha adui kidogo na kumfanya avuje damu. Farasi ni wa anayepigana akiwa juu yake: ukisogea futi 10 kisha ukapiga, madhara yanaongezeka. Kuhusu kupanda, mnyama lazima awe mkubwa kuliko anayembeba, na asiye mnyama wa kupandwa hawezi kutembea na kusaidia katika zamu moja akiwa na mtu mgongoni. Kwa hiyo ile picha nzuri ya kumpanda dubu ina gharama yake.

Kuna mambo hayanifurahishi. Mnyama hakui bure. Mwindaji anatumia kipaji kimoja, yaani uwezo wa ziada unaomchagulia mhusika wako, leveli ya 1 kumpata, kingine leveli ya 6 awe mnyama mzima, kingine leveli ya 10, na kingine leveli ya 16 ukitaka afike mwisho. Hivyo ni vipaji vinne ambavyo wenzako wanavitumia kwa mambo mengine. Druidi, mhusika wa uchawi wa maumbile, anapita njia hiyo mapema zaidi: 1, 4, 8 na 14. Ile hatua ya mnyama mzima inalipa, maana madhara yake yanatoka dadu moja kuwa mawili, mwili unakua, na hata usipomwamrisha anaweza kusogea au kushambulia mara moja. Kabla ya hapo, hasa leveli ya 4 na 5, mwindaji anamwona mnyama wake akiachwa nyuma na maadui, na inauma. Mvalishe deraya ya wanyama mara tu fedha ikipatikana. Silaha za uchawi mnazookota njiani hazimhusu, anatumia vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wandani peke yake.

Akiishiwa pointi za uhai hafi papo hapo, anaanguka na kuwa mahututi kama mhusika wa mchezaji, kwa hiyo kuna muda wa kumwokoa. Akifa, kanuni zinataka wiki moja ya mapumziko ili upate mwingine, bila gharama. Meza yetu tuliongeza desturi yetu: mnyama aliyekufa anazikwa, na kila mhusika anasema neno. Naona inastahili.

Nimecheza pia Dungeons & Dragons. Katika kitabu cha wachezaji cha 2014, mwindaji mwenye mnyama mwandani alitoa kitendo chake kikuu ili mnyama ashambulie, na kwa leveli za mwanzo hilo lilikuwa ghali. Kanuni za nyongeza za 2020 zilirekebisha: amri ikawa kitendo kidogo cha ziada, na mnyama akawa wa namna tatu, wa nchi kavu, wa majini na wa angani. Kitabu kipya cha 2024 kimeendelea hivyo. Ni rahisi kujifunza na mnyama hachoshi kumwendesha. Lakini chui na mbwa mwitu wanatumia namba zilezile, unabadilisha sura tu, na mimi napenda chui awe chui.

Kwa bei pia Pathfinder imenifaa. Vitabu vyake kuagiza hadi huku ni ghali, lakini kanuni zote, za 2019 na zile zilizopangwa upya kuanzia 2023, zipo bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys kwa ridhaa ya Paizo, wachapishaji wenyewe. Fungua ukurasa wa wanyama wandani, soma sehemu ya msaada ya kila mmoja, kisha waulize wenzako wanapigana vipi. Kama kundi lenu halina mponyaji, anza na dubu. Kama yupo, na wewe ni wa upinde, chui.